Wapanda Farasi wa Mwalimu Jethro

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Sironga, familia imenituma niwasomee safari ya Mwalimu Jethro Nyangau, aliyezaliwa hapa hapa tarehe 4 Mei 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Angwenyi na Mama Kemuma. Alianza shule mwaka wa 1938, akahitimu ualimu mwaka wa 1951, akafundisha hesabu na uchoraji kule Kebirigo, na tarehe 12 Desemba 1953 akamwoa Bochaberi, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Nyanchera.

Mwaka wa 1963 mwalimu mwenzake, mama wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, alimwachia picha ya rangi ya wapanda farasi katika bustani ya jiji la mbali, ambayo kwa karibu ilikuwa madoa matupu ya kijani na buluu, lakini ukirudi nyuma hadi mlangoni farasi walijitokeza, na mwanga ukacheza migongoni mwao. Ndiyo maana kwa Mwalimu mgeni aliketishwa mlangoni, hata mzee wa kanisa Mogire, aliyenung'unika kwamba anakunywa chai pamoja na kuku wa uani.

Ni Mzee Mogire aliyeiazima picha hiyo kwa makambi ya kanisa ya Agosti 1968, akawaambia waumini kwamba hao ndio farasi wanne wa hukumu wa kitabu cha Ufunuo, na alipoulizwa mbona ni watatu, akasema wa nne yuko nyuma ya miti, anakuja. Sabato hiyo Ogari, ndugu yake Bochaberi, aliyekuwa ameishinda familia kwa ulevi wa chang'aa, alisimama akilia, akaomba kubatizwa. Mwalimu alijua kwamba wale ni watu wanaopunga upepo, lakini alinyamaza kwa ajili ya shemeji yake, picha ikabaki kanisani, naye akawa anawahi kila Sabato, akae kiti cha nyuma kabisa aitazame.

Figo zilipomlemea Novemba 1973, akalazwa Kisii, kisha akarudishwa nyumbani, hakuomba kingine ila picha yake, na wazee wakasita, wakihofu Ogari akijua ukweli atarudia chupa. Ogari mwenyewe akaibeba, akaiegemeza kitandani, na Mwalimu, asiyetaka kuondoka na siri hiyo, akamwambia, "Shemeji, hawa hawaji kumchukua mtu. Wanatembea tu."

Ogari akajibu kwamba alijua tangu siku ile, maana mmoja wao amevaa kofia ya maua, na hukumu haiji na maua, ila chang'aa ilikuwa imemchosha, naye alikuwa akitafuta tu sababu ya kusimama. Mwalimu akacheka hadi akakohoa, akaomba picha isogezwe mlangoni, na tarehe 14 Machi 1974, alfajiri, akatuacha akiwa ameielekea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliotuchumia chai shambani tukiwa hospitalini, na Ogari, aliyemwogesha mgonjwa hadi mwisho.

Mwalimu, ulitufundisha kurudi nyuma kidogo ili tuone, na leo tumeanza kurudi nyuma. Pumzika kwa amani, sisi tuko hapa mlangoni, tunakuona.