Kamba Iliyotubeba Miaka Tisa

Sogeeni karibu, wanangu, maana pumzi yangu sasa ni ya kuhesabu. Wewe mkubwa, ngazi na brashi ni zako. Mdogo wako achukue nyumba, na msigombane masikioni mwa mama yenu. Kamba zangu hazirithiwi. Zichomeni zote, isipokuwa kipande kilichomo ndani ya sanduku la rangi, chini kabisa, maana hicho kimeniandama miaka ishirini.

Mnajua baba yenu mdogo alianguka tukipaka rangi lile ghorofa la kona. Asubuhi ile aliishika kamba, akaniuliza, "Kaka, hii bado nzima kweli?" Nikamcheka. Nikamwambia imetubeba miaka tisa, haijatuangusha hata mara moja, leo itaanzaje? Akaenda kuifunga kwenye chuma cha juu, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Wanangu, hoja yangu ilionekana nzito, kumbe imeoza. Kila siku niliyoihesabu kuwa shahidi wa kamba, siku hiyohiyo ilikuwa inaila. Mtu akiwaambia kitu hakijawahi kushindwa, muulizeni mara zote hizo zimekiongezea nguvu au zimekichosha, tena muulizeni kama leo amekitazama. Mimi sikuitazama.

Watu wakasema hakukaza fundo. Ushahidi wao? Kwamba alipenda mzaha, na aliwahi kuchelewa kazini mara mbili tatu. Basi wakaona mtu wa hivyo hata fundo atalilegeza! Hoja haina miguu, nami nikaitikia kwa kichwa pale msibani, mbele ya mjane wake. Mpaka leo mama yenu mdogo, huyo anayenichemshia maji jikoni, anaamini mumewe alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Nami nikifumba macho tu, namsikia mdogo wangu: kaka, bado nzima kweli?

Fundo lilikuwa zima. Nililikuta limeng'ang'ania chuma vilevile alivyolifunga, kipande cha kamba iliyokatika kinaning'inia. Nikalifungua kwa mikono hii, nikakificha kipande kabla watu hawajapanda.

Nipeni maji... basi, yatosha. Mungu awape macho ya kutazama, na moyo wa kusema mapema kuliko baba yenu. Nilitaka nimwambie mwenyewe mama yenu mdogo, lakini naona aibu, hata sasa. Fungueni sanduku. Mwiteni aje... kipande mpeni mkononi. Nikishindwa... semeni ninyi. Mumewe alifunga vizuri. Aliuliza, na mimi... mwiteni.