Mipango ya Mungu Mteremkoni

Ndani ya boti ya kwenda Kagunga, Yusta, muuza dagaa, alijifanya kasinzia ili asipitwe na neno. Mbele yake dereva wa lori, mkono mmoja umefungwa bandeji, alikuwa akimsimulia bibi aliyeketi kando yake jinsi lori lake lilivyopinduka na kumlaza utingo wake hospitali.

"Ni mipango ya Mungu tu, bibi."

"Kwani ulikuwa unafanyaje, mwanangu?"

"Kwenye mteremko nazima injini, gari linajishukia lenyewe. Tunabana mafuta. Madereva wote ndivyo tulivyo."

"Na breki?"

"Siku hiyo ziligoma. Si nimekwambia ni Mungu?"

Yusta akamhurumia Mungu, na kazi zake zote hizo, bado anasingiziwa malori.

Walipokaribia ufuko, nahodha naye akabana mafuta: akazima injini ili boti ijisogeze yenyewe. Wimbi likaipiga ubavuni, ikainamia upande mmoja. Dereva akaruka, akang'ang'ania ukingo kwa mkono wake mzima.

"We nahodha, una wazimu? Washa injini! Utatuua!"

Bibi akajifunga vizuri khanga yake.

"Tulia, mwanangu. Mwache Mungu apange."

Boti ikagota mchangani.