Dympna Kilbane Alisubiri Jina la Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, juzi asubuhi nilikuwa nachemsha yai, soksi moja mguuni, Sorcha akanipigia. "Mzee Fintan, mama ametutoka."

Mama yake ni Dympna Kilbane. Dympna Kilbane, miaka sabini na minane, yule wa duka la nyuzi karibu na daraja.

Dympna alizaliwa kwenye Nyumba. Mnajua Nyumba ipi. Enzi zile msichana akipata mimba bila ndoa, alipelekwa kwa masista, na halmashauri iliwalipa masista kwa kila mtoto. Mama yake, Honor Kilbane, alimnyonyesha mwaka mmoja. Kisha akatolewa. Mtoto akabaki.

Shuleni watoto wa Nyumba waliingia baada yetu na kutoka kabla yetu, tusichanganyike. Viatu vyao vilikuwa na misumari chini, vikilia kama kwato. Tulipiga kelele: "Farasi hao, wapisheni!" Na mimi nilipiga kelele hizo. Dympna hakugeuka.

Mnajua desturi yetu. Redio inasoma majina ya wafu, watu wanaenda kuwapa mkono wafiwa, jeneza likiwa wazi. Dympna alisikiliza kila asubuhi, miaka arobaini. Sorcha anasema, "Hata birika alizima. 'Nyamazeni nyie, Fintan anasoma!'"

Jirani alimtania: "We Dympna, unasubiri urithi?"

"Nasubiri Kilbane. Nimwone uso mara moja tu, basi."

Jana nilifungua mafaili ya zamani, nitafute la kusema leo. Nikakuta karatasi ya majina ya wafu ya miaka ishirini na moja iliyopita. Honor Loftus, kwao Kilbane. Hayo maneno "kwao Kilbane" yamekatwa kwa kalamu. Kalamu yangu. Siku ile wafu walikuwa wengi, muda umebana, nikakata majina yote ya usichana ya wanawake walioolewa. Nikasoma Honor Loftus. Dympna alikuwa anasikiliza.

Honor amezikwa maili nne kutoka dukani.

Sorcha, mwanangu, pole. Poleni nyote wa nyumba ile. Nilipokuambia habari ya karatasi hiyo, ulinijibu, "Bora ungekaa kimya." Labda.

Wasikilizaji wapendwa, kama kwenu kuna mtu asiyetajwa jina, mtajeni leo, angali anasikia.

Honor aliacha mtoto wa kiume. Jana nilimtumia ujumbe: "Una dada, amefariki. Jeneza lake linafungwa kesho saa mbili usiku. Njoo umwone uso."

Ameusoma. Kipindi cha leo ni cha usiku, na sasa ni saa mbili kasoro dakika tano. Hajajibu.