Waliolala Mchana

Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati na mtaa mzima unasinzia. Kwenye benchi nje ya duka la ushonaji walikaa watatu wa siku zote: Mkasi, mwenye duka, Breki, dereva wa lori aliyestaafu, na Daktari, ambaye udaktari wake aliupata kwa kulinda geti la zahanati. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao. Mkasi alikuwa akipigana na usingizi. Siku hizi moyo ulikuwa ukimruka ruka, na jana tabibu alimwuliza swali dogo tu: baba na babu walikufa kwa ugonjwa gani? Hakujua. Kwao ugonjwa wa marehemu hautajwi msibani, eti usije ukadhani unaitwa. Husemwa tu kwamba alilala. Babu alilala mchana, hakuamka. Baba naye vivyo hivyo, akiwa na umri huu huu wa Mkasi. Ndiyo maana tangu jana Mkasi alikuwa anaogopa kufumba macho.

— Kunywa kahawa, Breki akamsukuma bega. Utatuangukia.

— Sijalala. Nilikuwa nawaza.

— Mawazo gani hayo yanakoroma? akauliza Daktari.

— Mimi nawaambieni, kilichowalaza wazee wako ni kitanda, alisema Breki. Babu alikilalia, baba akakirithi, kitanda kikanogewa. Mchovya asali hachovyi mara moja.

— Baba alikuwa amelala kwenye mkeka.

— Basi mkeka ulimwona babu pale kitandani, ukajifunza. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Acha porojo wewe. Ni damu, alisema Daktari. Damu ya kwao nzito. Mchana inatuama chini kama sukari isiyokorogwa. Nimeyaona sana haya pale getini.

— Uliona damu getini?

— Niliwaona wenye nayo wakipita.

Breki akajimiminia kahawa, sauti yake ikashuka.

— Au ni ndoto. Babu aliota ndoto tamu, akaona kurudi huku ni hasara. Baba akaingia humo humo kumtafuta. Sasa wanakungoja wewe, ndugu yangu. Damu nzito kuliko maji.

Mkasi hakucheka. Aliiona ndoto yenyewe: uwanja mweupe, hakuna kelele, baba kaketi na shati lake la kijani, anasogea kumwachia nafasi. Ilikuwa nafasi nzuri, ina kivuli. Mkasi alitamani kwenda, na kutamani huko ndiko kulikomtia hofu.

— Shikamooni, wazee wangu.

Wote waligutuka. Alikuwa mama mmoja mgeni, ameleta sketi ya mwanawe ishushwe pindo.

— Marahaba, mama.

— Mnisamehe, nimesikia mkizungumza. Huyo marehemu baba, nani alikwenda kumwamsha?

Breki akamtazama Daktari. Daktari akatazama ndani ya birika.

— Maana aliyekwenda kumwamsha ndiye aliyemwona, mama akaendelea. Atajua kama alikuwa kashika kifua. Atajua aliamkaje asubuhi ile.

Siku ile Mkasi alikuwa shule. Aliporudi alikuta uani pamejaa watu, akaambiwa baba amelala, na hilo ndilo neno alilokaa nalo hadi ndevu zikaota mvi. Hakuwahi kumwuliza mtu.

Akakumbuka mama yake. Mama huyo hakuwahi kuingia chumbani kumwamsha Mkasi hata siku moja. Kila alasiri, miaka yote, husimama mlangoni, huita, hungoja. Asipoitikiwa huita tena, mkono wake umeshika fremu, hasogezi mguu. Mkasi alidhani ni heshima tu.

Kumbe ni yeye aliyekwenda kumwamsha baba.

Nyuma ya pazia la duka, sauti nyembamba ikaita:

— Mwanangu! Uko macho?

— Niko macho, mama, alijibu, na tayari alikuwa amesimama. Usiondoke hapo. Nakuja tukae, unieleze ya siku ile.