Lori la Athanas na Mkono wa Mzee Pantaleo

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Pantaleo Ndunguru anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Mifano, Gerezani, kwa miaka thelathini na mmoja. Sherehe itafanyika hapahapa karakanani, na kwa mara ya kwanza meza yake itawekewa pilau badala ya makopo ya rangi. Wasifu huu nimepewa mimi, Violeth, mtunza stoo, kwa sababu inasemekana hakuna aliyegombana naye kunizidi. Ni kweli, na ndiyo maana naandika moyo ukiwa mzito.

Alizaliwa Mbinga mwaka 1965, kitinda mimba wa familia ya wakulima wa kahawa. Alikuja Dar es Salaam kupaka rangi magari ya kweli kwenye gereji za mtaa wetu. Mwaka 1994 mwanzilishi wa karakana, marehemu Mzee Elisaria, alimwona akichora namba ubavuni mwa lori bila rula, akamwomba aje ajaribu kwenye magari ya sentimita ishirini. Amekuwa akijaribu mpaka leo.

Kwa wageni wasiotujua, sisi hutengeneza, hupaka rangi na kukarabati mifano midogo ya magari ya jeshi: malori, vifaru, deraya, magari ya wagonjwa. Wateja ni makumbusho, shule, familia za wanajeshi wanaostaafu, na watu wazima wachache ambao wake zao wanatulaumu sisi. Na kwetu gari haliondoki likiwa safi. Likishapakwa rangi huchafuliwa: masizi kwenye bomba la moshi, kutu kwenye bawaba, vumbi kwenye kila kona ambayo vumbi lingejificha lenyewe. Hapo ndipo Mzee Pantaleo hana mpinzani. Msimu wa mvua alikuwa akiaga kwenda kunywa chai, kumbe yuko Msimbazi ameinama kwenye tairi la lori la watu, anaangalia tope linavyokaa. Wauza spea wakambatiza Mzee Matope, naye akawa anaitika.

Ugomvi wetu ulikuwa wa brashi. Nikimtolea mpya anaiacha kwenye kopo na kuendelea na ile iliyobakiwa na nywele tatu, eti mpya bado haijajua kazi. Kisha mwisho wa mwezi ananilalamikia kwamba stoo haimjali.

Wengi mnakumbuka mkasa wa Upanga. Familia moja ilimwagizia baba yao, mwanajeshi mstaafu, kifaru cha kumkabidhi kwenye chakula cha jioni. Asubuhi ya siku hiyo msaidizi wa nyumbani, binti mwenye bidii, aliona wameletewa zawadi yenye matope, akaona aibu kwa niaba ya familia nzima. Akakiosha kwa sabuni ya unga na mswaki. Mzee Pantaleo alikuwa mgeni mwalikwa. Alipokiona kinang'aa mezani alikunja mikono ya shati. Alikibeba hadi kwenye jiko la mishkaki, akachukua majivu na vumbi la mkaa, akakichafua upya wageni wakisubiri. Yule mstaafu alipokipokea alikishika muda mrefu kwa mikono yote miwili. Binti naye alipewa mishkaki ya kwanza, kwa agizo la Mzee Pantaleo.

Lakini kuna gari moja ambalo lilimchukua miaka mingi kulimaliza, na siwezi kuandika wasifu huu nikaliruka.

Kaka yake mkubwa, Athanas, alikuwa dereva wa lori la jeshi wakati wa vita vya Kagera. Aliporudi mwaka 1979 alipita nalo nyumbani, akampandisha Pantaleo, wakati huo mvulana wa miaka kumi na minne, akamzungusha hadi kwenye mnada na kumrudisha. Lile ndilo lori ambalo Mzee wetu alitaka kulitengeneza kuliko mengine yote, na alitaka Athanas alione likiwa sawasawa. Umbo alilikumbuka. Bonde la kugongwa kwenye madigadi alilikumbuka, na kitasa cha mlango kilichofungwa kwa waya. Kilichomshinda ni rangi. Ilikuwa kijani, ila kijani kilichopigwa na jua na barabara, na yeye hakutaka kubahatisha.

Basi kila alipokwenda likizo alibeba vipande vya bati alivyovipaka rangi tofauti. Athanas alivipeleka juani kimoja kimoja, akavigeuza, akamrudishia: "Inakaribia, lakini siyo." Mzee anarudi Dar, anachanganya tena. Ikawa hivyo likizo hadi likizo, na sisi tukawa tunamtania kwamba kaka yake ni mteja mgumu kuliko makumbusho.

Mwaka juzi Athanas alipelekwa kwa daktari wa macho. Akaambiwa ni presha ya macho, imekuwa ikimla polepole kwa miaka mingi, na kilichoondoka hakirudi. Mzee Pantaleo aliporudi kutoka likizo ya mwaka huo alikuja stoo, akasimama dirishani kwangu bila kuomba kitu.

"Rangi niliipata zamani, mama," akaniambia. "Pengine ile ya mwanzo kabisa. Ni macho yake yalikuwa yanaondoka, na mimi nabadilisha rangi."

Nilimfungulia mlango wa stoo, nikamsogezea kiti.

Akaacha kuchanganya. Alilijenga lori lote kwa ajili ya vidole: lile bonde, ule waya, viti vilivyochanika. Rangi hakupaka, akiamini haina kazi tena. Pasaka ya mwaka huu alilipeleka Mbinga. Athanas alilipapasa kuanzia bampa, akacheka alipolifikia bonde, akautaja waya kabla hajaugusa. Kisha akalisogeza puani.

"Hili halina rangi, Panta. Mbona umeniletea gari uchi?"

Mzee alijitetea kwamba kaka yake hangeweza kuiona rangi. Athanas akamwambia akalipake, alichafue, amletee. Alisema yeye ndiye asiyeona, siyo lori.

Tangu mwaka jana mkono wa kulia wa Mzee Pantaleo unatetemeka, ndiyo maana aliahirisha kulipaka. Vifaru na deraya alishamwachia Amira, fundi aliyemfundisha mwenyewe, na tangu Agosti habari za Mbinga si nzuri: Athanas ameacha kutoka nje, chakula anakigusa tu. Wiki iliyopita, kazi za wateja zikiwa zimepangwa mezani, Mzee alizisogeza pembeni akaanza kupaka lori la kaka yake. Hakuna aliyempinga. Alichagua kile kijani cha mwanzo. Alishikilia kiwiko kwa mkono wa kushoto, anapumua, anapaka, anapumzika. Kwenye fremu ya dirisha rangi ilivuka mstari, jambo ambalo katika miaka yote tuliyokaa naye sijawahi kuliona. Amira akaomba alisahihishe, ni dakika moja tu.

"Acha," Mzee akamwambia. "Hataona. Ila ataniuliza kama nimepaka mwenyewe."

Amira akaweka brashi chini. Mzee akaendelea hadi mwisho, akalichafua pia, na vumbi lake bado ni vumbi ambalo hakuna mwingine hapa anayeliweza.

Mzee Pantaleo, tunakushukuru kwa kila gari lililotoka hapa likiwa na safari zake mwilini. Amira atajitahidi, na sisi tutajifunza kupita kwenye meza yako bila kutania. Jumamosi unapanda basi la Songea, kisha Mbinga, na lori umelipakata mwenyewe. Uishi vizuri, upumzike, na mkono wako upate nafuu. Lakini kabla ya hayo yote tunakuombea jambo moja tu: umkute Athanas bado ana maswali.