Benchi Lenye Kibandiko

Fundi Randa, seremala asiyejua kunyamaza ila awe na misumari mdomoni, alifika kijiweni asubuhi akakuta benchi limebandikwa kikaratasi chenye mistari myeusi. Alijua ni mkono wa nani. Wiki nzima bintiye alikuwa akibandika vitu vya karakana: stuli, makabati, hata meza isiyo na mguu, ili kompyuta ijue kipi kipo na kipi kimeuzwa. Kumbe benchi hili la mlangoni, walilolikalia yeye na wenzake miaka nenda miaka rudi, nalo ni mali ya kuuzwa. Hata hivyo aliagiza kahawa kama kawaida.

— Hiyo mistari ni sisi, alisema Soli, mshona viatu. Huo mnene ni mimi. Huo mwembamba, Kinyozi.

— Mbona ipo mingi? aliuliza Fundi Randa.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Wacha wewe, alisema Kinyozi. Inahesabu muda. Ukikaa, inaandika. Ukiinuka, inaandika. Mwisho wa mwezi wake zetu wanapelekewa majibu.

— Basi mimi nakalia tako moja, alisema Soli.

— Itakuandika nusu. Utaulizwa nusu nyingine ilikuwa kwa nani.

Soli akakikwaruza kibandiko kwa ukucha.

— Tukibandue. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Kibandue uone, alisema Fundi Randa. Binti atalitafuta kwa mashine asilione, aseme limeibwa. Na wezi ni nyinyi mlio juu yake.

Hapo mama mmoja akasimama mbele yao, futi ya kupimia mkononi.

— Samahani, baba zangu. Hili linauzwa?

Binti alikwishatoka ndani na kimashine chake.

— Shikamooni. Wekeni miguu pembeni kidogo.

Akakielekeza kwenye mistari. Tiit.

— Lipo moja, mama. Linauzwa.

Mwezi mzima Fundi Randa hakuwa ameuza hata stuli. Alilitazama benchi, akawatazama waliolikalia.

— Limeshauzwa, alisema.

— Kwa nani, baba? Mashine inataka jina.

Fundi akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Andika sisi, alisema Soli.

— Sisi ndio akina nani?

Wakasogea, na yule mama naye akapata pa kukaa.