Honi Kwenye Kiwanja Kitupu

Kijiwe hicho kiko Korogwe mjini, mkabala na stendi, upande wa mafundi pancha. Benchi lake ni kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, limeegeshwa juu ya matofali, na mbele yake kuna meza ambayo zamani ilikuwa mlango. Kila alasiri hukaa watu walewale. Kahawa ni ya Mustafa. Ubao wake umeandikwa Mustapha kwa kosa la mchoraji, naye amechoka kueleza. Sadala, mwendesha bodaboda, wanamwita Upepo. Richard, fundi cherehani ambaye hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, wanamwita Profesa. Na Kasmiri Mhina, dereva wa Coaster ya Handeni, wanamwita Lutindi, ingawa kwao ni Makuyuni; jina hilo alilipata kwa miaka aliyoshusha mbao kwa lori kutoka milima ya Lutindi. Alhamisi hiyo Kasmiri alikuwa amekaa pembeni kabisa ya benchi, kikombe mkononi, hanywi.

— Lutindi, kahawa inapoa, Mustafa alimwambia. Au nayo unaishusha kwa gia namba mbili?

Kasmiri akajua kwamba habari zimeshafika.

Jumapili iliyopita klabu moja ya magari ya mashindano ilikuwa imekuja na kukodi kiwanja cha zamani cha ndege katika shamba la mkonge, njia ya Handeni. Walipanga matairi mabovu wakatengeneza kona, wakawaita madereva wa huku, Kasmiri akiwemo, waje wafundishwe kuendesha kwa kasi. Jumamosi hii wangerudi, na dereva mmoja atakayefaulu angepewa gari la klabu kwenye mashindano ya mwaka huu. Tangu ujana wake, alipokuwa akisimama kando ya barabara kuyatazama magari yale yakipita na vumbi lake, Kasmiri hakuwahi kutaka kitu kingine kwa namna hiyo. Wala hakuwahi kumwambia mtu.

— Godlisten, aliyekuwa akiwapangia matairi, kanipa mkanda mzima, alisema Sadala. Anasema mzee wetu kila kona alikuwa anapiga honi. Kiwanja kizima hakuna hata mbuzi.

— Mbuzi alikuwepo, alisema Kasmiri.

— Kwenye kona?

— Kwa mama lishe. Alishachinjwa.

Walicheka, naye akacheka kidogo, halafu akaweka kikombe mezani.

— Mnacheka, lakini mimi nataka kuelewa. Yule mwalimu, Valerian, kaniambia hivi: una mguu mzuri, una mkono mzuri, lakini unamwendeshea mtu ambaye hayupo. Jumamosi ukipiga honi tena, au ukishindwa kutumia barabara yote, nakushusha.

— Barabara yote maana yake nini? aliuliza Richard.

— Yote. Kushoto na kulia. Kona ya kulia, unaanzia ukingo wa kushoto kabisa. Unakwenda umenyooka, unakanyaga breki, unapangua gia hapohapo kabla hujakata. Halafu unakata, unalifuata tumbo la kona mpaka karibu uguse tairi la ndani. Pale anapaita kitovu. Ukishapita kitovu unaliachia gari litoke lenyewe hadi ukingo wa nje, mafuta taratibu.

— Sasa hapo kuna ugumu gani?

— Ugumu ni kona ya kushoto. Hiyo lazima uanzie kulia. Mkono hauendi. Nausukuma, hauendi.

Sadala akatikisa kichwa.

— Profesa, wewe huwezi kuelewa. Kulia kuna lori linakuja.

— Si amesema halipo?

— Halipo. Lakini linakuja.

Richard akavua miwani na kuifuta kwa kipande cha kitambaa. Hiyo ilikuwa dalili kwamba nadharia iko njiani.

— Mimi kwanza simwelewi huyo Valerian, alisema. Kupita nje ni mbali, kupita ndani ni karibu. Futikamba haidanganyi. Ukitaka kuwahi, bana ndani mwanzo mpaka mwisho.

— Nilibana ndani, alisema Kasmiri. Pua ya gari ikakataa kukata. Ikaenda moja kwa moja kwenye matairi.

— Kwa sababu hukulala, alisema Sadala. Pikipiki unailaza na wewe unalala nayo. Gari ungetoa bega dirishani.

— Bega tu?

— Na kichwa. Ukiwa mnene unatoa bega, ukiwa mwembamba kama Profesa unatoka mpaka kiunoni.

— Acha fiksi, wewe. Dawa yake ni chakula, alisema Mustafa huku akipepea mkaa. Dereva akila ugali, unamkalia upande mmoja. Wale wa mashindano wanakunywa uji, ili mzigo ujisambaze. Nimewahi kumhudumia mmoja hapa hapa, alikataa hata kashata.

— Alikuwa hana hela, alisema Sadala.

— Alikuwa na saa mbili, moja kila mkono. Kwa ajili ya mizani.

Richard alisubiri wanyamaze.

— Mnapotea. Jambo lenyewe ni dunia. Dunia inazunguka, au haizunguki? Inazunguka. Basi kona zinazofuata mzunguko wake ni nyepesi, na zinazopinga ni nzito. Ndiyo maana Lutindi anaumia kona za kushoto. Jumamosi aombe kuendesha mchana, dunia ikishageuka.

— Na gia? Kasmiri aliuliza. Aliuliza kwa dhati, kwa maana kwa siku nne hakuwa amepata mtu wa kumuuliza. Kwa nini, akaendelea, kila kona naingiza namba mbili, Valerian ananiambia tatu? Nikiingiza mbili gari linaguna, linanivuta mbele, tairi zinakwaruza. Nikiingiza tatu linakwenda laini, ila moyo wangu unasema tunaanguka.

Ni Sadala aliyesema, na safari hii hakuwa akitania.

— Mzee, ulivyokuwa unashusha mbao, ulikuwa unatumia ngapi?

— Mbili. Pengine moja. Mzigo uko mgongoni unakusukuma, breki peke yake haitoshi, lazima injini ilizuie lori.

— Na Jumapili ulikuwa umebeba nini?

Kasmiri akatazama mikono yake. Alikuwa amebeba nguo alizovaa.

— Kumbe, alisema polepole. Nashusha mbao mpaka leo.

Jambo hilo liliwafurahisha wote kama kitu kilichookotwa njiani. Mustafa akamwongezea kahawa bila kuombwa, akakijaza kikombe mpaka ukingoni, na hapo Sadala akapata wazo. Alichovya kidole kwenye kahawa yake akachora kona juu ya meza, mistari miwili yenye upana wa kiganja, inayopinda kushoto kuelekea kwa Richard.

— Kikombe chako ndilo gari. Kipitishe. Tuone nani mkweli, Profesa au Valerian.

Kasmiri akakisukuma kikombe kwa vidole viwili akikibana ndani, kama futikamba ilivyotaka. Kilipofika kwenye pindo kahawa ikaruka, ikamwagikia mezani.

— Umekwenda mbio mno, Richard alilalamika.

— Mwendo uleule sasa, alisema Sadala. Anzia kulia.

Mustafa akakijaza tena. Kasmiri akakisogeza kikombe ukingo wa kulia, lakini kabla hakijafika, vidole vyake vikakirudisha kushoto, na mdomo wake ukasema, bila yeye kuutuma:

— Pii.

Benchi likavunjika mbavu. Fundi pancha akaja na tairi mkononi kuuliza kuna nini. Hata mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye gunia lake kando ya benchi, akisubiri gari, akafunika mdomo kwa khanga.

— Tena, alisema Kasmiri.

Akasema pii mara ya pili. Mara ya tatu alibana midomo, lakini kikombe kikagoma katikati. Mara iliyofuata Richard, fundi wa mikono ya mashati, akaegemea mezani akamsemesha kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa mwanafunzi anayeogopa mkasi.

— Usikitazame kikombe. Tazama pale unapotokea. Mimi nikikata kwapa la shati siangalii mkasi, naangalia mwisho wa chaki. Na kitambaa nakigeuza kabla ya pindo, nikiwa ndani ya pindo sigeuzi tena.

— Ndiyo breki na gia hiyo, alisema Kasmiri. Kabla.

— Mimi sijui breki. Najua kwapa.

Kasmiri akainua macho, akatazama mwisho wa mstari, ukingo wa meza karibu na birika. Vidole vikakipeleka kikombe kulia, vikakiacha huko kidogo, vikakileta ndani mpaka kikagusa mchoro wa tumbo la kona, vikakiachia. Kikombe kikatoka nje chenyewe na kusimama mbele ya Richard. Mdomo ulikuwa kimya. Kahawa ilitikisika tu, haikumwagika hata tone.

Walikitazama kile kikombe kama watu waliooneshwa kitu chepesi kilichokuwa mbele yao siku zote. Kasmiri akarudia, akarudia tena, na kila mara mkono ulikwenda kwa urahisi zaidi. Aliona raha iliyomjaa kifuani, akaiona Jumamosi: kiwanja cheupe, gia ya tatu, tumbo la kona likimjia lenyewe.

— Gari umepata, alisema Sadala. Mimi ndiye nitakayekushikia helmeti.

— Naomba kuuliza, alisema yule mama wa kwenye gunia.

Wakageuka. Sadala na Mustafa wakampa shikamoo, akaitikia. Alisema jina lake ni Faudhia, mkulima wa Mazingara, na alikuwa anarudi nyumbani kwa kupitia Handeni.

— Ni wewe baba unayeendesha hiyo Coaster?

— Ni mimi, mama.

— Basi mimi abiria wako. Nimekutazama hapa, naona mkono wako sasa umekubali kwenda kulia. Nauliza tu. Leo jioni, kwenye kona, mkono huo utakwenda wapi?

Sadala alijaribu kusema kwamba barabarani ni tofauti na kiwanjani, akaanza kueleza tofauti yenyewe ni ipi na mkono unaijuaje, akaishia njiani. Kasmiri alivitazama vidole vyake viwili, ambavyo vilikuwa bado juu ya kikombe. Hakujua. Mustafa akainamisha birika ili ajaze vikombe, yakatoka mashapo tu.

Konda akapiga kelele kutoka stendi kwamba gari limejaa. Kasmiri akamsaidia Bibi Faudhia gunia lake, na Bibi Faudhia akachagua kiti cha mbele, nyuma ya dereva, akashika bomba la chuma kwa mikono yote miwili.

Nje ya mji, baada ya mashamba ya mkonge, kuna kona ya kushoto ambayo madereva huiita kona ya Hafsa, kwa sababu ya Bi Hafsa aliyekuwa akiuza maandazi pale. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Kasmiri aliiona kona yote, mwanzo mpaka mwisho, na upande wa pili hapakuwa na lori, wala baiskeli, wala mtu. Aliuona pia mstari wenyewe, kama chaki juu ya kitambaa, ukianzia kulia, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuufuata kuliko ulivyowahi kuwa. Hakika angeweza.

Alikanyaga breki gari likiwa limenyooka, akapangua gia mapema, laini, hata abiria mmoja hakuinua kichwa. Hayo alikuwa ameyapata, na alifurahi kuwa nayo. Kisha akabaki kushoto, kwenye nusu yake, akabonyeza honi, ndefu, ikaenda mpaka kwenye mikonge.

— Nani huyo, baba? aliuliza konda akichungulia mbele.

— Hakuna mtu.

Alijua sasa kwamba mkono mmoja hauwezi kufundishwa njia mbili, na kwamba Jumamosi Valerian atamshusha. Alijua pia kwamba atakwenda, aingie kona hata moja kwa gia ya tatu kabla ya kushushwa, aione ilivyo. Coaster ikatoka kwenye kona taratibu. Kwenye kioo cha juu alimwona Bibi Faudhia ameachia bomba, amejifunika khanga vizuri, na amefumba macho kulala.